Kuendesha na Kugharimia Madarasa ya Walio Nje ya Shule: Mwongozo kwa Kata na Vijiji vya Muleba

Mwongozo huu ni wa Maafisa Elimu Kata, walimu wakuu, watendaji wa vijiji, wajumbe wa kamati za shule na viongozi wa vikundi vya kijamii wilayani Muleba wanaoendesha au wanaokusudia kuanzisha madarasa ya watoto na vijana walio nje ya shule. Wenzetu wa Bukoba wanaweza kuutumia pia, kwa kuwa mazingira hayapishani sana.

Umejengwa juu ya hoja moja. Kituo hufa pale posho ya mwezeshaji inapokatika. Ubao, madaftari, hata jengo vinaweza kusubiri mwezi mmoja au miwili. Mwezeshaji mwenye watoto wa kulisha hawezi kusubiri: ataingia kwenye kahawa ya jirani kufanya kibarua au atashuka mwaloni kuanika dagaa, na wanafunzi wake watamkuta huko huko. Ndiyo maana mipango yote ya fedha iliyomo humu inaanzia kwake, kisha ndiyo inakwenda kwenye vitu.

Tulikotoka

Mkoa huu si mgeni katika kazi hii. Kati ya mwaka 1968 na 1973, mradi wa kisomo chenye manufaa ulioungwa mkono na UNESCO uliendeshwa katika mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao ndio Kagera ya leo. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe, yaani pamba, migomba, uvuvi na mifugo. Wazo hilo bado ni zuri, na tutalirudia kwenye stadi za kazi.

Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, MEMKWA, ulianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya tano: Kisarawe, Masasi, Musoma Vijijini, Songea Vijijini na Ngara, majirani zetu wa mkoa huu huu. Serikali ilisaidiwa na UNICEF. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002, MEMKWA ikasambazwa nchi nzima. Matokeo ya awali yalitia moyo sana: watoto waliokuwa wakichunga na kuuza karanga walifanya upimaji wa darasa la nne na kuingia darasa la tano pamoja na wenzao. Kilichofuata kinajulikana na kila mwalimu aliyekuwapo. Fedha za nje zilipopungua, posho zikawa za kubahatisha, wawezeshaji wa vijijini wakaondoka, na katika shule nyingi darasa la MEMKWA likageuka kuwa mahali pa kuwaweka wanafunzi wa kawaida ambao hawajamudu kusoma, kuandika na kuhesabu. Wanafunzi hao wanastahili msaada, lakini darasa hili si lao. Kila kiti wanachokalia humo kinamfungia nje mtoto ambaye hana shule kabisa.

Nani aingie wapi

Mtoto mdogo arudi kwanza katika shule ya kawaida. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria, na elimu ya msingi haina ada. Mtoto wa miaka saba au minane aliyechelewa kidogo tu asipelekwe MEMKWA kwa sababu mwalimu wa darasa la kwanza ana wanafunzi wengi. MEMKWA ni ya mtoto ambaye umri umempita kiasi kwamba kukaa na watoto wa darasa la kwanza kutamfanya atoroke wiki ya pili. Kundi la kwanza ni la walio chini ya miaka 14, ambao lengo lao ni kuingia darasa la tano. Kundi la pili ni la miaka 14 hadi 18, wanaoandaliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Kijana anayetaka zaidi ufundi na kujitegemea aelekezwe kwenye IPOSA, mpango wa elimu changamani kwa vijana walio nje ya shule unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW). Humo kisomo, stadi za maisha, ujasiriamali na ufundi wa awali hufundishwa pamoja.

Kuna kundi moja ambalo tunaomba lishughulikiwe kwa uangalifu wa pekee: msichana aliyeacha sekondari kwa sababu ya ujauzito. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, ana haki ya kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Hilo ndilo la kwanza kumwambia, yeye na wazazi wake, kabla ya jambo lingine lolote. Ikishindikana kabisa, ipo elimu ya sekondari kwa njia mbadala inayotolewa na TEWW, ambayo mradi wa SEQUIP umeigharimia kwa ajili ya wasichana kama yeye. Kumpa cherehani msichana aliyekuwa kidato cha tatu akifaulu hisabati, kisha kuhesabu kwamba amesaidiwa, ni kumdhulumu.

Kuwahesabu

Usianze na tangazo la kuandikisha. Anza na kitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji anazijua kaya zake, na akishirikiana na mwalimu mmoja wanaweza kuipitia kaya moja baada ya nyingine. Daftari lao liwe na jina la mtoto, umri, anaishi na nani, aliishia darasa la ngapi, na anafanya kazi gani saa zipi. Safu hiyo ya mwisho mara nyingi huachwa wazi, na ndiyo inayoamua kama darasa litakuwa na watu.

Swali la "anaishi na nani" lina uzito wa pekee Muleba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Kamachumu, na kwa miongo iliyofuata bibi na babu wamelea wajukuu peke yao katika nyumba nyingi za wilaya hii. Bibi wa miaka sabini hamzuii mjukuu kwenda shule kwa ukaidi. Anamhitaji achote maji, akate ndizi na kuuza kahawa kidogo. Anayeandika daftari aketi, amsikilize, aandike saa ambazo mtoto anaweza kuachiliwa.

Visiwani kazi ni nyingine. Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe na Mazinga vina watu wanaohama kufuata samaki, na kaya iliyoko Goziba mwezi huu inaweza kuwa Ukerewe mwezi ujao. Orodha ya kitongoji peke yake haitoshi huko. Tumia pia kumbukumbu za kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ambacho kinajua nani ameshuka mwaloni na nani ameondoka. Kila mwanafunzi wa kisiwani apewe barua ya uhamisho mapema, ikiwa na alama zake na mahali alipofikia, abaki nayo nyumbani. Wazazi wa kambini hawaagi.

Ratiba ifuate kazi

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo katika siku za giza mtoto wa kisiwani huamkia kwenye dagaa waliofika alfajiri: hubebwa, humwagwa, hutandazwa, hugeuzwa jua likipanda, hukusanywa kabla ya umande, na mvua ikitishia kila mkono huitwa. Darasa la saa mbili asubuhi katika siku hizo litakuwa na mwezeshaji na ubao tu. Lipangwe kwa saa chache baada ya kuanika na kabla ya kukusanya, kisha lifidiwe kwa vipindi virefu wakati wa mbalamwezi. Ratiba ya kisiwani iandikwe kwa mwezi wa angani, ibandikwe mwaloni.

Bara kuna kahawa inayochumwa katikati ya mwaka, kuna siku za gulio, na kuna senene wa Novemba na Desemba, ambao watoto hukesha wakiwakamata kwenye mataa. Yote hayo yanajulikana tangu Januari. Kituo kinachopanga likizo yake kwa misimu hiyo hakipotezi mtu.

Kupanga ratiba hivi hakumaanishi kukubali ajira ya watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi, na imekataza kumfanyisha kazi usiku. Mtoto anayepelekwa ziwani na taa ni suala la ustawi wa jamii na polisi, na mwezeshaji anapaswa kulitolea taarifa kwa mtendaji siku hiyo hiyo.

Mwezeshaji

Kila kituo kiwe na wawili: mwalimu mwajiriwa wa shule jirani, ndiyo shule mama ya kituo, na mtu wa kijijini, kwa kawaida aliyemaliza kidato cha nne. Mwalimu analeta mtaala, wa kijijini analeta imani ya wazazi. Huyu wa kijijini achaguliwe hadharani, katika mkutano wa kijiji, na palipo na wasichana wengi achaguliwe mwanamke. Asiwe ndugu wa mtendaji au wa mwenyekiti. Katika visiwa, ambako Wahaya, Wakerewe, Wasukuma na Wajita huchanganyika kambi moja, awe mtu ambaye Kiswahili chake kinaeleweka na wote, kwa maana Kihaya hakitamfikisha mbali.

Apewe barua yenye kazi zake, saa zake, posho yake na tarehe ya kulipwa. Mafunzo ya awali yaombwe TEWW, ofisi ya mkoa iliyoko Bukoba, kupitia Afisa Elimu Watu Wazima wa wilaya. Chuo cha Ualimu Katoke kiko ndani ya wilaya yetu, na ni vyema kukiandikia pia kuomba walimu wake watembelee vituo.

Fedha

Tuchukue darasa la wanafunzi 30 kwa mwaka mmoja. Viwango hivi ni vya mfano, kila kijiji kiweke vyake. Posho ya mwezeshaji wa kijijini, shilingi 100,000 kwa mwezi kwa miezi kumi ya kufundisha, ni 1,000,000. Nyongeza ya mwalimu mwajiriwa, 50,000 kwa mwezi, ni 500,000. Madaftari, kalamu na chaki, 360,000. Usafiri wa ufuatiliaji na siku za mitihani, 200,000. Akiba ya posho ya miezi mitatu ya mwezeshaji wa kijijini, 300,000. Jumla ni shilingi 2,360,000, yaani takribani 78,700 kwa mwanafunzi kwa mwaka.

Mstari wa akiba usifutwe. Ndio unaokibeba kituo pale fedha za halmashauri zinapochelewa, na huwa zinachelewa.

Sasa jiulize kipi kitoke wapi. Posho ya mwezeshaji wa kijijini na akiba yake, jumla 1,300,000, zitoke kijijini penyewe. Kijiji chenye kaya 500 kinahitaji shilingi 2,600 kwa kaya kwa mwaka, bei ambayo kaya nyingi zinaimudu msimu wa kahawa. Kaya isiyoweza isamehewe bila kutangazwa. Vikundi vya kufa na kuzikana na VICOBA vina nidhamu ya kukusanya na kutunza ambayo kamati nyingi za shule hazina, na vinaweza kuombwa kuchukua jukumu la mwezi mmoja mmoja. Mwaloni, BMU inaweza kukubaliana na wenye mitumbwi kiasi kidogo kwa kila msimu wa giza. Wenye mitumbwi wanafaidika na mikono ya watoto hawa, na hakuna ubaya kuwaambia hivyo.

Mchango huu uwe wa hiari na uamuliwe na mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe na nakala ipelekwe kwa Mkurugenzi. Tangu katazo la Januari 2018 kuhusu michango shuleni, utaratibu umekuwa kwamba mwalimu hashiki fedha za michango wala hamrudishi mtoto nyumbani kwa ajili yake. Utaratibu huo unamlinda mwalimu, na ufuatwe hata pale wazazi wanapomwomba yeye mwenyewe apokee kwa kuwa wanamwamini.

Nyongeza ya mwalimu, vifaa na ufuatiliaji viombwe katika bajeti ya halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vya vijiji huwa vimeshakusanywa miezi mingi kabla. Ombi lipitishwe na serikali ya kijiji, liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, na lifike kwa Afisa Elimu kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Afisa Elimu Kata afuatilie hadi auone mstari wa MEMKWA katika PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti. Kisichokuwa na mstari huko hakina wa kukilipia, hata diwani akiahidi vipi jukwaani. Diwani aombwe kitu kingine: alisemee ombi hilo kwenye baraza, akiwa na idadi ya watoto wa kata yake mkononi, kitongoji kwa kitongoji.

Mfuko wa Jimbo unafaa kwa mambo ya mara moja, kama bati na madawati. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini ni mikopo na hurejeshwa. Iliposimamishwa Aprili 2023 vikundi vingi vilikwama, na ikaanza tena mwaka 2024. Iwaendee wahitimu wenye miaka 18 na zaidi waliojiunga katika kikundi chenye kazi inayoeleweka. Kununua chaki au kulipa posho kwa mkopo ni kukifungia kikundi deni ambalo hakikulila.

Kaya zilizo katika mpango wa TASAF zitambuliwe wakati wa kuhesabu, kwa kuwa ruzuku yake imefungamanishwa na mahudhurio ya watoto shuleni na msimamizi ana sababu ya kukusikiliza.

Kuhusu mashirika, tunayo mifano nyumbani. Nshamba, tangu mwaka 2003, shirika la Kwa Wazee limewalipa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi, na sehemu ya fedha hiyo huishia kwenye sabuni, daftari na sare za mtoto. Hapo hapo Nshamba, mwaka 2000, vijana yatima walianzisha VSI, Vijana Simama Imara, wakaendesha wenyewe akiba na kusaidiana. Kituo chochote kilicho karibu na watu wa aina hiyo kiongee nao kabla ya kuandika ombi kwa mfadhili wa mbali. Mfadhili akipatikana, aombwe vitu visivyojirudia: vitabu, vifaa vya ufundi, mafunzo, taa za jua. Akitaka kulipa posho, ikubaliwe naye kwa maandishi kwamba sehemu yake itapungua kila mwaka na ya kijiji itaongezeka. Kikundi cha kijamii kisajiliwe halmashauri kabla ya kupokea chochote. Na ikiwa anayepokea ni shirika lisilo la kiserikali, mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 unapaswa kuwasilishwa kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku kumi.

Daftari la fedha

Fedha za kituo zipite katika akaunti ya shule au ya kikundi, watia saini wawili wasiotoka nyumba moja, na zitengewe daftari lake. Fedha zilizo katika akaunti ya shule ziingizwe pia katika mfumo wa serikali wa hesabu za shule. Daftari liandikwe siku ya malipo, kwa namna hii: "Mei 5. Posho ya mwezeshaji, Aprili. 100,000. Hati ya malipo Na. 14. Baki 640,000." Mpokeaji atie saini, asiyejua aweke dole gumba. Mstari ukikosewa ukatwe kwa kalamu moja na kutiwa saini pembeni, usifutwe kwa rangi nyeupe.

Kila robo mwaka taarifa isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na nakala ibandikwe. Isomwe na mweka hazina, kwa sauti, pamoja na majina ya watoto waliofaulu na waliopotea. Mkutano ukiuliza maswali makali, shukuru. Kijiji kinachouliza kitachanga tena mwakani.

Stadi za kazi na mitihani

Cherehani tatu zikigawiwa kila kata, baada ya miaka miwili kutakuwa na mafundi nguo wengi kuliko nguo. Chagua stadi kwa kutazama soko la hapo hapo: kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani, kukarabati mitumbwi na injini zake, kutunza vanila, kutambua na kung'oa mgomba wenye mnyauko. Fundi wa kijijini anayekubali vijana wawili wakae naye alasiri ana thamani kuliko karakana isiyo na umeme. Anayetaka cheti apelekwe VETA, ambayo ina chuo cha mkoa Burugo, Bukoba, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini.

Kila mwanafunzi wa MEMKWA aandikishwe na apatiwe namba ya PREM kupitia shule mama mwanzoni mwa mwaka. Mwalimu mkuu asisubiri barua ya usajili kutoka NECTA ndipo aulize nani hana cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2027 uangaliwe kwa namna ya pekee: chini ya mtaala mpya ulioanza Januari 2024, darasa la sita na darasa la saba watamaliza elimu ya msingi mwaka huo mmoja, na nafasi za vyumba, madawati na wasimamizi zitagombewa. Vijana wa kundi la pili watakaofanya mtihani wakati huo waingizwe mapema katika maoteo ya kata. Walio mbele zaidi wanaweza kujisajili kwa Mtihani wa Maarifa, QT, kisha kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Mtoto aliyeingia darasa la tano afuatiliwe kwa muhula mzima. Wiki za kwanza ndizo ngumu: ni mkubwa kuliko wenzake, hana sare kamili, na pengine anaitwa "MEMKWA" uwanjani. Mwalimu wa darasa alikomeshe jina hilo siku ya kwanza. Mwezeshaji wake wa zamani amtembelee, na safari hizo zilipwe kutoka kwenye fungu la ufuatiliaji.

Watoto wa eneo wakishaingia shuleni na idadi ikashuka chini ya wanafunzi kumi kwa mihula miwili, kituo kifungwe rasmi kwa muhtasari wa serikali ya kijiji. Mwezeshaji alipwe hadi siku ya mwisho na apewe barua ya utumishi. Vitabu na vifaa viorodheshwe na kukabidhiwa shule mama, salio lisomwe mkutanoni, na daftari la kuhesabu watoto libaki kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye atalipitia tena kila Januari.